Maembe ya Matanga

Niseme tu mapema ndiyo tuelewane: ukiwa Mitaboni usikie mtu dukani akiomba "pakiti moja ya maembe ya matanga", ujue mimi ndiye niliyesababisha maembe hayo yakaitwa hivyo, na sikupenda, na mpaka leo nikipita pale stejini vijana wa boda boda huvua helmeti na kuinamisha vichwa kama watu wanaopisha maiti, halafu wanavunjika mbavu kwa kicheko. Mwanzoni nilikuwa nalia. Siku hizi nawapungia mkono na kuendelea na safari yangu.

Mimi naitwa Mumbua, katibu wa kikundi cha akina mama cha Wendo (wendo ni upendo kwa Kikamba, na jina lilikuwa zuri kabla sijaliharibu). Tulianza kama mwethya wa kawaida, ule wa kulimiana mashamba kwa zamu, baadaye tukachoka kuona maembe yakioza chini ya miti kila msimu huku madalali wakituringia, tukaanza kuyakata vipande na kuyakausha. Ni matamu, hilo halina ubishi. Shida yetu ilikuwa kwamba nje ya Mitaboni hakuna aliyetujua. Kwa hiyo mwenyekiti wetu, Wayua, mwanamke mcheshi wa uso wa kung'aa ambaye hata akikukaripia unatamani kumsalimia, akasema lazima mtu aende kusomea mambo ya masoko, na kwa kuwa mimi ndiye mwenye mdomo mrefu, nikatumwa semina Machakos mjini.

Semina ilikuwa ya vikundi na mashirika madogo, namna ya kujitangaza na kujijengea chapa. Mwalimu alikuwa mama mmoja mpole mwenye miwani, na alifundisha vizuri, kosa halikuwa lake. Alisema chapa nzuri ina uso, watu wanapenda kununua kwa mtu siyo kwa pakiti. Alisema chapa nzuri inagusa moyo. Alisema chagueni rangi moja muitumie kila mahali, msiyumbe. Hayo yote niliyameza. Kisha akaanza kueleza jambo lingine muhimu kuhusu mtu anayepita barabarani akaona bango lako, lakini wakati huohuo chai na mandazi vikaingia, na mimi, jamani, nilikuwa nimetoka nyumbani bila kula, nikainuka. Nilirudi kwenye kiti amemaliza.

Nikaenda moja kwa moja duka la kuchapisha, kwa kijana anayeitwa Muthama, anayetengeneza mabango ya harusi, ya siasa, ya kanisa na ya kila kitu. Nikampa picha ya Wayua, ile aliyopiga Krismasi akitabasamu. Nikamwambia, "Huyu ndiye mama yetu. Nataka picha iwe kubwa, katikati, iguse moyo. Weka maua kando. Chini andika Upendo wa Mama Haufi. Na rangi iwe nyekundu na nyeupe." Muthama akaniangalia, akanishika bega, akasema, "Pole sana, madam." Foleni ilikuwa ndefu, nikadhani ananihurumia kwa kungoja, nikamjibu nimezoea. Akanitolea bango, na tisheti nyeupe zenye uso wa Wayua kifuani, na tisheti ya mwisho akakataa katakata niilipie, eti huo ni mchango wake. Nilitoka pale nikisifu watu wa Machakos, kwamba kumbe wanapenda maendeleo hivi.

Sasa uamuzi mdogo ulioniua ni huu. Tulipanga kuzindua chapa yetu mjini, mbele ya meneja wa supamaketi moja aliyeahidi kuonja maembe yetu na kutupa nafasi kwenye rafu zake, na tukakubaliana tuende kwa msafara ili njiani kote watu watuone. Mama Nzilani, mweka hazina wetu, akashauri tufunge tepe za manjano kwenye magari, manjano ya embe likikatwa. Nikamkatalia mbele ya kikundi kizima. Nikasema rangi yetu ni nyekundu, ule wekundu wa shavu la embe linaloangalia jua, na mwalimu alituambia tusiyumbe. "Mama Nzilani, haya mambo yana wenyewe waliosomea," nikamwambia hivyo, mimi, mtu wa semina ya mandazi. Nikanunua tepe nyekundu.

Unaona tayari, sivyo? Mimi sikuona. Pikapu ya Kilonzo mbele, bango limefungwa kwenye boneti, uso wa Wayua ukitabasamu katikati ya maua meupe, nyuma makreti ya maembe yamefunikwa kitambaa cheupe ili vumbi lisiingie, kisha magari mengine yakifuatana, tepe nyekundu zikipepea kwenye kila kioo cha pembeni, taa zimewashwa kwa sababu ya ukungu, akina mama ndani wamevaa tisheti za Wayua na vitambaa vyekundu kichwani, wanaimba wimbo wa kanisani polepole kwa sababu ndio peke yake tunaoujua wote kwa sauti nne. Na ilikuwa Jumamosi, siku ambayo huku kwetu tunazika, na magari ya msiba hufungwa tepe nyekundu hivyo hivyo! Aliyekosekana ni Wayua mwenyewe. Yeye alitangulia mjini alfajiri kutengenezwa nywele, maana uso wa chapa hauwezi kufika kwenye uzinduzi na mabutu ya nywele kichwani.

Nilikaa mbele na Kilonzo, kifua kimenijaa. Magari yalitupisha. Mzee mmoja akashuka kwenye baiskeli, akavua kofia akaiweka kifuani. Wanafunzi wa shule ya Jumamosi wakasimama kimya kwa mstari. Nikamwambia Kilonzo, "Unaona chapa inavyofanya kazi?" Nikatoa mkono dirishani, nikawa napunga, meno yote nje, na mama mmoja muuza sukumawiki akanitazama kwa chuki ambayo sitaisahau, nikasema huyo ana wivu. Tulipofika Mutituni polisi akasimamisha magari mengine ili tupite sisi, akatupigia saluti. Nusura nilie kwa furaha.

Ndipo simu ya Mama Nzilani ikalia. Alikuwa amebanana nyuma yetu kwenye kile kiti kidogo, na dada yake alikuwa analia kwa sauti hata mimi nilisikia kila neno bila spika.

"Wayua amekufa lini? Yaani mnamzika na hamkutuambia sisi?"

Mama Nzilani akasema Wayua yuko saluni. Dada akasema acha mchezo, picha ya gari la maiti iko kwenye simu za watu wote, kila mtu ameandika pumzika kwa amani, na mwenye boda boda mmoja aliyepishana nasi amegeuza pikipiki kukimbilia kwa mama yake Wayua kumjulisha.

Nikageuka kuangalia bango. Kutoka ndani ya gari nilikuwa naliona kwa nyuma, maandishi yamepinduka, uso wa Wayua umefifia kwa mwanga unaopita kwenye kitambaa, na maua, na tepe. Hapo ndipo nikaona walichokuwa wakikiona watu wa barabarani. Lakini hofu ya kweli ilikuja kwa sababu ya yule mama.

Mama yake Wayua sote tunamwita Susu, nyanya. Ana presha, na moyo wake daktari alishasema ulindwe na mishtuko kama yai. Naye aliwahi kumzika Mutua, mtoto wake wa kiume, dereva wa lori, na siku Mutua alipoletwa nyumbani Susu alikuwa amesimama mlangoni, aliona msafara unaingia na tepe nyekundu na picha mbele, akaanguka pale pale, akakaa hospitali kitambo kirefu. Mimi nilikuwepo. Nilimshika miguu tukimwingiza garini. Na sasa nilikuwa nimempelekea msafara ule ule, na huyu ndiye mtoto pekee aliyebaki naye.

Nikampigia Wayua. Inaita, haishikwi. Nikapiga tena na tena, kidole kinateleza kwa jasho. Nilijua kwa nini: simu iko ndani ya mkoba, kichwa kiko ndani ya draya, pale hasikii hata ngurumo. Nikampigia Susu, akashika mtu mwingine anayelia, akasema "Mumbua, ni kweli?" na kabla sijafungua mdomo ikakatika.

Kilonzo akasimamisha gari. "Niambie. Tunageuka ama tunaendelea? Meneja wa watu anangoja."

Nikasema geuza. Akageuza, na magari yote nyuma yakageuka, na wale wa nyuma hawakujua tunarudi kwa nini lakini waliendelea kuimba. Na jamani, mnisamehe, katika watu wote wale wenye akili timamu hakuna hata mmoja aliyekumbuka kutoa tepe. Wala bango. Tukawa tunarudi kwa kasi na taa zetu, watu waliokuwa wametuinamia wanatuona tunarudi, wengine wanajipiga vifua, eti hata kaburi limemkataa. Sikujali tena aibu. Nilikuwa naomba Mungu kwa maneno mafupi mafupi, mlinde, mlinde, ngoja tufike.

Kwa Susu kulikuwa kumejaa. Tayari! Sijui Wakamba tunapata wapi mwendo huo, viti vya kanisa vilikuwa vinashushwa, akina mama wamewasha moto na sufuria kubwa ya chai iko juu, wanaume wamesimama kando wakiulizana turubai liko kwa nani. Walipoona pikapu yetu ikiingia kwenye geti na lile bango mbele, kilio kikapaa kote.

Susu alikuwa kwenye kigoda mlangoni, mlango ule ule, wanawake wawili wamemshika mikono. Hakuwa analia. Akasimama. Nikaruka kutoka garini nikamkimbilia, na hapo ndipo nikajua nimemletea nini, maana macho yake hayakufika usoni kwangu, yalikwama kifuani, kwenye tisheti. Akanyoosha mkono akagusa ule uso. Vidole vyake vilikuwa baridi, nilivisikia kupitia kitambaa.

"Mumbua," akasema polepole. "Nyinyi ndio mmemleta?"

"Susu, Wayua ako hai! Hajakufa! Ako saluni!"

Halafu Mzee Nthenge, mzee wa kanisa, akanikaribia kwa upole mwingi. "Mama, jikaze. Hata sisi tuliambiwa tukakataa hivyo hivyo."

"Mzee, sikatai! Anatengenezwa nywele!"

"Ndiyo, wanamtengeneza," mzee akasema, akitikisa kichwa kwa huzuni. Wanawake wakanikumbatia kutoka nyuma. "Mwacheni alie, walikuwa wanapendana sana." Kadiri nilivyopiga kelele kwamba yuko hai ndivyo walivyonishika zaidi, na Mama Nzilani naye alikuwa ameshikwa kule, na Kilonzo alipojaribu kusema wakamwuliza sasa ndani ya gari chini ya kitambaa kuna nini, akajibu maembe, mtu mmoja akataka kumpiga.

Susu akakaa chini ghafla. Pumzi ikawa fupi, kama mtu aliyepanda mlima, na midomo ikabadilika rangi. Mtu akaita, "Dawa yake iko wapi?" Mimi nilijua, huwa kwenye kabati la vyombo sebuleni, nikajichomoa kwenye ile mikono nikaingia ndani mbio. Nikaipata. Nilipogeuka, kwenye ukuta, kati ya picha ya Mutua na picha ya harusi ya Wayua, kulikuwa na kalenda. Kalenda mbaya, ya karatasi nyepesi, haina ua, haina uso wa mtu, herufi nyeusi kubwa tu: SALUNI YA TINA. TUNASUKA, TUNAOSHA, TUNAPAKA RANGI. NYUMA YA SOKO, MACHAKOS. Na chini, namba ya simu, kubwa kuliko yote.

Nikaing'oa ukutani na msumari wake. Nikatoka nimeshika dawa mkono huu na kalenda mkono huu, nikampa mwanamke mmoja dawa, nikapiga.

"Halo, Saluni ya Tina, karibu."

"Tina! Mtoe Wayua kwa draya!"

"Lakini bado hajakauka."

"Mtoe hivyo hivyo, Tina, mama yake anakufa!"

Nikasikia vitu vinaanguka. Nikaweka spika, nikapiga magoti, nikaishika simu sikioni kwa Susu, na watu wakanyamaza, nafikiri kwa kunihurumia tu.

"Mwaitu?" Sauti ya Wayua, kali, imejaa hofu, akimwita mama yake kwa Kikamba. "Mwaitu, ni nini? Uko sawa?"

Susu alikuwa amefumba macho. Nikadhani tumechelewa.

"Mwaitu!"

"Wayua," akasema mwishowe.

"Ndiyo, Mwaitu, ni mimi."

"Sema tena."

"Niseme nini? Kwani kuna nini huko?"

"Sema kitu. Kitu chochote."

Basi Wayua, bila kuelewa, akaanza kusema, kwamba hiyo draya ni ya moto, kwamba Tina amemchoma sikio, kwamba amefungwa rola upande mmoja vizuri na mwingine hapana, na kwamba Mumbua na msafara wake wamechelewa na meneja anangoja, na Susu alikuwa anasikiliza hayo yote ya sikio na nywele machozi yakimshuka, na pumzi yake ikirudi kidogo kidogo, na mimi nililia pale chini kama mtoto, sitaki kudanganya.

Alipotulia, akafungua macho, akalitazama lile bango kwenye boneti, akalitazama kwa muda.

"Mumbua. Nyinyi huuza nini?"

"Maembe, Susu."

"Na embe liko wapi hapo?"

Nikaangalia. Kulikuwa na uso, upendo, maua, rangi moja isiyoyumba. Embe halikuwepo. Jina la kikundi halikuwepo, namba ya simu haikuwepo. Watu wote wa boma lile walilitazama bango pamoja nami, na hakuna aliyeweza kunitetea.

Yaliyobaki ni aibu ndogo ndogo. Meneja alinitumia ujumbe wa pole kwa msiba, akasema tuahirishe mpaka tumalize kuomboleza, na hakushika simu yangu tena. Wayua alifika kwa boda boda, rola kichwani upande mmoja, na alipoingia getini mama mmoja aliyekuwa amechelewa kupata habari alitupa kikombe akakimbilia kwenye mahindi. Wayua alimkumbatia mama yake kwanza, kwa muda mrefu, kisha akaja kulitazama bango, mikono kiunoni. Nikangoja matusi. "Hata hii picha," akasema, "nilikuwa nimewaambia siipendi." Na kwa kuwa watu walikuwa wengi na chai ilikuwa imeiva na huwezi kufukuza waombolezaji na njaa, tukafungua makreti. Waliyala maembe yote. Waliyasifu sana. Jina nalo likapatikana pale pale bila semina.

Nilimpigia yule mwalimu baadaye nikamwuliza, siku ile wakati wa chai alikuwa anasema nini. Akacheka, hakujua. Akasema alikuwa anasema jambo dogo tu: mtu akipita akaona bango lako, hata kama hasimami, ajue unauza nini na atakupata wapi. Basi. Mandazi yale nimeyalipia mpaka leo. Siku hizi pakiti yetu ina embe limekatwa, rangi ya manjano (Mama Nzilani ndiye aliyechagua), imeandikwa MAEMBE MAKAVU, na namba ya simu ambayo hata Susu anaisoma bila miwani. Tepe nyekundu nimeapa sitafunga tena maishani, hata kwenye zawadi ya mtoto.

Kila tukitoa mzigo mpya humpelekea Susu pakiti, maana anayapenda. Huipokea, hunishukuru, huiweka mapajani bila kuifungua. Kwanza huomba simu yangu ampigie Wayua. Wayua akishaitika, na akishalalamika kidogo juu ya kitu chochote, ndipo Susu anaifungua na kuanza kula.